Nyaya za Land Rover ya Mjomba

Kijana mmoja anayetengeneza magari hapa Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru, Zambia, aliniambia, kwa adabu zote, kwamba rangi za nyaya ni urembo wa kiwandani. "Umeme hauna rangi, mzee. Waya ni waya." Tulikuwa tumeinamia Land Rover ya marehemu mjomba, na chini ya boneti hamkuwa na kitu ila nyaya nyekundu: nyekundu kutoka kwenye betri, nyekundu kwenda kwenye taa, nyekundu iliyoungwa kwa kusokotwa na kufungwa kipande cha mfuko wa plastiki. Nikaamua kuzing'oa zote na kulifunga gari upya kama lilivyotoka jeshini. Na nikaamua kuandika haya, maana tuliolijua duka la spea la mzee wa Ujiji, aliyeuza nyaya kwa rangi zake, tunazidi kupungua.

Duka lilikuwa upande wa barabara unaotazama ziwa. Sasa limevunjwa, na pale lilipokuwa pamejengwa vibanda vya kutuma pesa. Lilifunguliwa lini? Nimeuliza. Mmoja anasema mwaka wa uhuru, mwingine anasema baadaye. Niliwahi kushika risiti yake iliyoandikwa kwa pauni na shilingi, na kwacha ilianza kutumika 1968, basi lilikuwapo kabla ya hapo. Inatosha.

Mwenyewe alizaliwa Ujiji, akashuka na meli hadi Mpulungu, akafuata samaki mpaka Mweru, na samaki wakamleta kwenye spea. Wachuuzi waliobeba samaki kwenda Copperbelt walikuwa wakiharibikiwa na magari hapa hapa, wakamwomba awatafutie balbu, mikanda, plagi. Akaona riziki imemfuata mlangoni. Kaunta yake ilisikia lugha tatu kwa siku moja: Kibemba kwa wenyeji, Kiswahili cha kwao kwa sisi watoto wa wahamiaji, na Kiswahili cha Kongo kwa wale waliovuka kwa mashua kutoka Kilwa ya upande wa Kongo. Mama yangu alimwita kaka, kwa hiyo mimi nilimwita mjomba pia, ingawa hatukuwa na damu moja. Hapa namwita mzee, wasomaji wasimchanganye na mjomba mwenye gari.

Harufu ya duka lile naijua kuliko ya nyumba niliyozaliwa. Mlangoni ulipokewa na mpira mpya. Hatua mbili ndani ikaja vanishi, kwa sababu mafungu ya nyaya ya kampuni ya Lucas wakati ule yalivikwa pamba iliyosukwa na kupakwa vanishi, nyeusi yenye mistari ya rangi. Nyuma ya kaunta kulikuwa na grisi na mafuta ya taa. Na juu ya vyote, upepo ukivuma kutoka ziwani, ikaingia chisense, samaki wadogo wa ziwani, iliyoanikwa mchangani. Wageni walifunika pua kwa ajili ya chisense. Sisi hatukuisikia kabisa, tulisikia vanishi.

Nyaya zilikuwa katika mabunda, zimening'inia kwenye mti uliopita dukani ukuta kwa ukuta, na mpangilio wake haukubadilika. Hakukata waya kabla ya kuuliza: "Unatoka wapi, unakwenda wapi?" Aliuliza habari za waya. Ukimwambia unatoka kwenye betri kwenda kwenye swichi, haupiti fyuzi, alinyoosha mkono kwenye kahawia. Unatoka kwenye swichi ya kuwashia kwenda kwenye koili: nyeupe. Umeshapita fyuzi na unapata moto gari likiwashwa tu, kama ule wa wiper: kijani. Umepita fyuzi lakini una moto saa zote, kama wa honi: zambarau. Taa kubwa bluu, yenye mstari mweupe kwa mwanga wa mbali na mstari mwekundu kwa mwanga wa chini. Taa ndogo nyekundu. Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, nyeusi. Ukishindwa kusema waya wako unatoka wapi, hakukuuzia. Alikuambia urudi kwenye gari ukautazame, na watu wazima waliondoka bila kunung'unika, wakaenda wakatazama.

Akishajua, alipima kwa pima, mkono huu mpaka huu, halafu akaongeza shibiri moja ambayo hukuilipia. "Hiyo ni ya fundi atakayekuja baada yako." Ncha ya waya huoza kabla ya waya wenyewe; fundi wa pili atahitaji kuikata na kulehemu kichwa kipya cha kuungia, tamino, na waya uliokatwa kwa kipimo cha leo hautamfikia. Katika maisha yangu ya ufundi sijasikia neno lililonifaa kuliko hilo.

Sasa gari. Ni Land Rover Series IIA, chesisi ndefu, inchi 109 kati ya ekseli, ya jeshi. Mjomba aliinunua kwenye mnada wa magari ya serikali, akaipigisha kazi ya samaki kati ya Chiengi na hapa, njia ya mchanga kiangazi na tope masika. Tofauti na Land Rover za raia, ile ilikuwa na matangi mawili ya mafuta chini ya viti, soketi ya trela yenye matundu mengi kule nyuma, na taa moja ndogo iliyofichwa chini ya bodi, inayomulika difu ya nyuma iliyopakwa rangi nyeupe. Hiyo ni taa ya msafara. Usiku wa vita magari huzima taa zote, na dereva wa nyuma hufuata doa lile jeupe peke yake. Swichi yake ilikuwa na nafasi yake ya pekee kwenye dashibodi. Tulipokuwa wadogo tulimsihi mjomba aiwashe tukirudi usiku kutoka Mununga. Aliiwasha kidogo kijiji kilipokaribia, nasi tukachungulia nyuma tuone mchanga ulivyong'aa chini ya gari.

Nyaya zake zilifungwa upya mara ya kwanza nikiwa mwanagenzi. Panya walikuwa wamezitafuna, na pale zilipopita karibu na bomba la moshi pamba ilikuwa makaa. Ilikuwa Desemba, ziwa limefungwa kama kila mwaka, hakuna kuvua mpaka Februari iishe, na magari yote ya samaki yamelala. Ndio ulikuwa msimu wetu wa kazi.

Fundi aliyenifundisha hakuniruhusu kukata kitu. Tulitoa fungu zima, kuanzia taa za mbele hadi za nyuma, likiwa bado limeshikana, tukalilaza juu ya mbao mbili ndefu. Kila lilipopinda tulipigilia misumari miwili, na kila tawi lilipotokea tukachora kwa mkaa. Ndipo tukachana pamba, taratibu, kwa wembe, na kwa mara ya kwanza nikaona rangi safi: ndani, mahali jua na mafuta havikufika, kijani ilikuwa kijani na zambarau ilikuwa zambarau. Nje zote zilikuwa zimegeuka rangi ya udongo. Tukaandika kila waya, ulipoanzia, ulipoishia, na unene wake kwa hesabu ya nyuzi: nyuzi 14 kwa taa ndogo, 28 kwa kazi nzito zaidi, 44 kwa njia kuu ya betri. Kisha tukaenda kwa mzee na karatasi ile, naye akaisoma yote kabla hajagusa bunda lolote.

Tamino zilikuwa zile za shaba nyeupe zenye umbo la risasi, zenye kitundu kwenye ncha. Alizihifadhi kwenye mtungi wa peremende. Unapitisha nyuzi mpaka zichungulie kwenye kitundu, unagusa kwa pasi ya kulehemu, lehemu inanyonywa ndani, inapoa na kung'aa. Ikibaki nje kama tone, hujachemsha vya kutosha. Nilirudia nyingi.

Pamba iliyosukwa haikuwepo ya kununua. Fundi wangu alichukua uzi wa nyavu, akaupitisha kwenye nta ya nyuki, akautia kwenye sindano ile ile ya wavuvi, akalifunga fungu zima kwa mafundo ya nyavu, fundo baada ya kila upana wa kidole gumba. Mkewe na dada zake walikaa nasi wakafunga upande wa nyuma, kwa sababu mikono yao ilikuwa na kasi kutushinda. Fungu lile lilistahimili mchanga wa Chiengi miaka mingi. Mafundo hayakuteleza.

Na ethi, hapo ndipo wengi hukwama mpaka leo. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, chesisi ni ya chuma, na vikikutana penye unyevu wa ziwa hulana. Ukikanyaga breki, indiketa inawaka. Ukiwasha taa kubwa, honi inafifia. Kijana ataweka balbu mpya, ataweka betri mpya, na tatizo ni boliti moja iliyoota unga mweupe. Fundi wangu alipeleka waya mweusi kutoka kila taa ya nyuma hadi kwenye chesisi iliyokwanguliwa mpaka ikang'aa, hakuiamini bodi.

Miaka ya themanini fedha za kigeni zilikauka, na mti wa mzee ukaanza kuonyesha mapengo. Kwanza zambarau ikaisha, halafu kijani. Akawa anauza nyeupe akiifunga uzi wa kijani kila ncha, na kumwapisha mnunuzi asiufungue. Akafariki, watoto wakahamia Ndola. Magari ya Kijapani yakaja na rangi zake nyingine, ambazo nazo zina utaratibu wake kwa anayetaka kujifunza. Desemba 2000 mji wa Pweto, upande wa Kongo, ulipoanguka vitani, magari ya kijeshi yaliachwa kule kivukoni na mengine yakachomwa moto, na kwa muda watu walileta shaba iliyotolewa humo. Shaba iliyopita motoni inalegea na kuwa nyeusi, lehemu haiishiki. Niliikataa.

Kinachonikera sasa ni huu waya mwekundu unaouzwa kila kibanda. Ukwangue kwa kisu: chini ya ngozi nyembamba ya shaba utaona weupe. Ni alumini iliyopakwa. Inauzwa Zambia, nchi yenye kiwanda cha ZAMEFA kule Luanshya, kilichoanza 1968 kutengeneza nyaya kwa shaba yetu wenyewe! Wavuvi wa chisense hununua waya huo kwa ajili ya taa zao za usiku, na kwa balbu ndogo zinazotumia umeme kidogo unawafaa, siwalaumu. Lakini huohuo ndio uliowekwa kwenye njia kuu ya Land Rover ya mjomba, bila fyuzi, rangi moja mwanzo hadi mwisho. Aliyeufunga alijua mwenyewe kila waya unakwenda wapi, akaondoka na ujuzi wake. Mimi niliyekuja baada yake niliachiwa kufuata kila mmoja kwa testa, nikiwa nimelala chini ya gari.

Mbao nimezipata, na misumari. Ramani ya nyaya niliichora upya kwa kumbukumbu na kwa alama zilizobaki kwenye bodi, maana vibanio vya fungu la zamani bado vipo mahali pake na vinaonyesha njia. Wiki hii yule kijana wa gereji amekuja jioni baada ya kazi, akauliza kwa nini zambarau isipite kwenye swichi. Nikamwambia akae, tukaifuata pamoja kwenye ramani kuanzia kwenye betri mpaka kwenye honi.

Taa ya msafara nimeipata ikiwa nzima chini ya matope, kioo chake hakina ufa. Nyeupe, kijani, bluu na nyeusi ninazo, nimezitoa kwenye fungu la Bedford iliyokuwa ikioza nyuma ya ghala. Ninayokosa zaidi ni kahawia ya nyuzi 44, shaba tupu, mita nne. Mansa haipo, nimeulizia. Mwenye nayo, hata kama ni kuukuu, aje nayo Kashikishi, tutaikwangua kwanza kwa kisu na bei tutaelewana.