Barua kutoka Hamburg: Pasipoti Mbili Droo Moja

Ndugu zangu wa Muheza na kwingineko,

Huku baridi imelegea, miti kando ya Mto Elbe imeanza kuchipua, nasi tu wazima. Binti yetu, yule mliyempa jina la bibi yake, anatimiza miaka 18 Oktoba hii. Ningependa kuwaandikia habari za pilau na wageni, lakini akili yangu iko kwenye droo ya kabati la chumbani. Humo mna pasipoti zake mbili: moja ya bluu, yenye nembo ya taifa letu, Tanzania, na nyingine ya rangi ya damu ya mzee, ya Ujerumani. Sheria ya kwetu inasema zisikae pamoja.

Hakuna aliyezipata kwa hila. Alipozaliwa mwaka 2008, mimi nilikuwa nimeishi hapa kihalali miaka 10, na sheria ya Ujerumani iliyoanza mwaka 2000 inampa uraia mtoto wa mgeni wa namna hiyo siku ile ile anayozaliwa. Kwetu nako, Sheria ya Uraia ya 1995 inamtambua mtoto wa Mtanzania wa kuzaliwa, hata akizaliwa ng'ambo, kuwa raia wa kurithi. Kwa hiyo alikuwa na nchi mbili kabla hajajua kunyonya. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka, akishakuwa mtu mzima, aukane uraia ule mwingine na kula kiapo cha utii. Asipofanya hivyo, Utanzania wake unakoma wenyewe, bila kesi.

Tumelizungumza jambo hili usiku mwingi. Akiukana uraia wa Ujerumani, atahitaji kibali cha ukaazi ili aishi katika mji aliozaliwa. Akiuacha Utanzania, atalipa viza ya dola 50 kwenda kumsalimia bibi yake, hizo tutazitafuta. Kinachoniuma ni shamba la machungwa. Mama ameshatamka mbele ya ndugu zangu kwamba miti ya upande wa mtoni ni ya somo wake, na Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyotungwa, haikumruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Nitamwambiaje mama yangu kwamba mjukuu anayeitwa kwa jina lake amekuwa mgeni shambani kwake?

Jirani yetu ni Mkenya, mtu wa Voi. Binti yake alizaliwa mwaka mmoja na wetu, na mtihani huu hana. Katiba ya Kenya ya 2010 inamhesabu mtoto wa baba au mama Mkenya kuwa raia wa kuzaliwa, popote alipozaliwa, na uraia wa nchi nyingine haumwondolei ule wa kwao. Kabla ya hapo walikuwa na sheria ngumu kama yetu, na kina mama ndio walioumia zaidi, maana hawakuweza kumrithisha uraia mtoto waliyemzaa nje. Ujerumani nayo iliwahi kuwalazimisha vijana kama hawa wachague. Mwaka 2014 ikawaondolea mzigo huo waliokulia hapa, na tangu Juni 2024 inaruhusu uraia wa nchi zaidi ya moja. Sijaona taifa lililobomoka kwa hilo.

Najua hoja inayosikika Dodoma, kwamba uzalendo haugawanyiki. Kwa mtu mzima aliyekwenda kwa hiari yake kuomba uraia wa watu, naiheshimu. Mimi mwenyewe sijaomba wa hapa hadi leo. Lakini mtoto huyu hakuomba. Tena hata akiuchagua Utanzania, akizaa huku mtoto wake hataurithi kwake, kwa kuwa uraia wa kurithi unaishia kizazi kimoja kwa wazaliwa wa nje. Hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania ni jambo jema, ila haiwezi kuwa badala ya uraia wa mtoto wa nyumbani.

Waheshimiwa wabunge, watenganisheni katika sheria aliyeomba uraia wa pili na aliyezaliwa nao. Na wazazi wenzangu mlioko ughaibuni, msingoje mwaka wa 18 kama nilivyongoja mimi. Mwelezeni mtoto angali na muda wa kuuliza. Wa kwangu amesema atampigia bibi yake simu kwanza, ndipo aamue.