Stima Iko Chini ya Miguu Yetu, Soketi Iko kwa Mwenye Ploti

Wasee wa Nax, kila tukiongelea magari ya umeme lazima mtu aulize, "Itapanda mlima hiyo?" na mwingine adakie, "Chaji ikiisha Gilgil je?" Ni maswali sawa. Lakini kwa mtu anayetaka kupiga teksi hapa mjini kwa gari dogo la umeme, swali la kwanza ni lingine kabisa: unalala wapi?

Binamu yangu ni dereva wa teksi za programu. Gari ni Passo ya mtu, na kila jioni lazima apeleke 1,500 kwa mwenyewe, abiria wawe wamepatikana au hapana. Mafuta ni juu yake. Sasa amepata mtu anayeuza Nissan Leaf ya zamani kwa malipo ya polepole, na akimaliza mwaka mmoja na nusu gari ni lake. Msee amelipia gari la wenyewe miaka minne na hamiliki hata taa moja ya nyuma. Hiyo ofa imemnyima usingizi.

Tulikaa chini tukapiga hesabu. Passo mjini inaenda kama kilomita 15 kwa lita, na petroli ikiwa karibu 180, hiyo ni shilingi 12 kila kilomita. Leaf inaenda kama kilomita 6 kwa uniti moja ya stima. Tokeni ya nyumbani, ukiweka na kodi zake, tuseme 30 kwa uniti: shilingi 5. Akizunguka kilomita 120 kwa siku, kutoka Section 58 hadi Lanet, Milimani, Njoro na kurudi, anabaki na zaidi ya 800 mfukoni. Kila siku! Na 2023 EPRA iliweka bei maalum ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa uniti kabla ya kodi, na usiku ikishuka hadi nusu.

Usiku inashuka kwa sababu watu wamelala lakini Olkaria haijalala. Huko Naivasha, ndani ya kaunti yetu hii hii, mvuke umekuwa ukizalisha stima tangu 1981, na mahitaji yakipungua usiku mwingine huachwa uende hewani tu. Hapa kwetu Menengai pia mtambo wa kwanza ulianza kazi 2023. Yaani tumekalia sufuria inayochemka halafu tunapanga foleni ya petroli iliyotoka Mombasa.

Haya, twende Kaptembwa. Ploti ya binamu ina vyumba 12 na mita moja. Stima mnalipa pamoja na kodi ya nyumba, bei moja. Ukichomeka koili ya maji ya kuoga, taa za jirani zinafifia na mwenye ploti anabisha mlango. Sasa mwambie unataka kuchaji gari. Kwa soketi ya kawaida hiyo ni kama birika la umeme linalochemka saa saba bila kuzimwa, kwa nyaya zilizofungwa na fundi ambaye hata hakumbukwi. Na hata gari lenyewe halilali pale. Hakuna geti. Hulilaza kwenye kituo cha mafuta, analipa soja 100. Kituo cha mafuta, jamani.

Halafu kuna betri. Dashibodi ya Leaf ina vijiti 12 vya kuonyesha afya ya betri, na hii ina 9. Betri ya uniti 24 ikifika hapo imebaki kama theluthi mbili, hivyo atapata kilomita 80 au 90, si 120. Safari za Nairobi asahau. (Baridi yetu angalau inasaidia, maana betri ya Leaf ya zamani haina mfumo wa maji wa kuipoza na joto ndilo adui yake mkubwa.) Kwa hivyo anahitaji soketi ya usiku na nyingine ya mchana.

Nairobi walishajaribu hii kitu. NopeaRide, kampuni ya Wafini, ilianza teksi za Leaf 2018, ikiwa na mahali pake pa kuchajia kwenye maduka makubwa. Nopea kwa lugha yao ni "haraka". Magari yalitembea, abiria walipanda. Mwisho wa 2022 kampuni mama ikaishiwa pesa huko Ufini, na teksi zikasimama Nairobi. Gari la kampuni, chaji ya kampuni, na dereva akabaki na leseni mkononi. Ndiyo maana mimi naunga mkono binamu kutafuta gari lake, hata lenye vijiti 9, kuliko kungoja kampuni nyingine ije na rangi mpya. Lakini kaunti ingeweka soketi pale stendi za teksi, kwa bei ya EPRA, hata hatungekuwa tunahesabu vijiti.

Wiki jana alienda kumwona mama mwenye ploti. Akamwambia atalipia mita yake mwenyewe, waya mpya na geti.

"Kijana yangu, hiyo kitu hailipuki?"

"Hailipuki, Mathe."

"Na wengine wakitaka pia?"

Hapo alikosa jibu. Mama alisema atauliza mtoto wake aliye Eldoret. Muuzaji wa Leaf amempa mpaka tarehe 30.