Siku Moja katika Pwani ya Amalfi

Wazee husema kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Maneno hayo ni kweli, lakini kuona mengi na kuelewa mengi ni mambo mawili mbalimbali. Macho ni milango iliyo wazi mchana kutwa, na si kila kiingiacho mlangoni hupewa kiti ndani ya nyumba. Msafiri aweza kuzunguka nchi nyingi, akarudi kwao na picha mia, asiweze kueleza kwa nini nyumba alizozipiga picha zilijengwa pale zilipojengwa. Kinachotenga kuona na kuelewa ni swali. Na aghalabu swali humhitaji mtu wa kulijibu. Nataka kueleza habari za siku moja ambayo nilimpata mtu wa namna hiyo, katika nchi ya Italia, kando ya Bahari ya Mediterania.

Kusini ya mji wa Napoli nchi kavu imenyosha mkono mrefu baharini. Mkono huo ni rasi ya Sorrento. Upande wake wa kaskazini hutazama ghuba ya Napoli na mlima Vesuvius, mlima wa moto uliofukia mji wa Pompeii mwaka wa 79, na ambao ulilipuka kwa mara ya mwisho mwaka wa 1944. Upande wake wa kusini ndio uitwao Pwani ya Amalfi. Mtu aliyeizoea pwani ya Kenya, yenye mchanga mweupe, minazi na ardhi ya tambarare, hustaajabu kwamba mahali kama pale paweza kuitwa pwani. Milima hushuka ghafula mpaka majini, na ni vigumu kupata uwanja wa kutosha kuchezea mpira. Tena neno letu pwani latokana na kupwa kwa maji. Huko Mombasa wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Lakini Bahari ya Mediterania hupwa na kujaa kidogo mno, hata mgeni akikaa ufukoni kutwa nzima asitambue tofauti.

Tulikuwa walimu wanne katika safari hiyo. Njia za kuitembelea pwani ile zilikuwa mbili: kupanda basi pamoja na umati wa watu, au kukodi motokaa yenye kiongozi wetu wenyewe kwa siku nzima. Njia ya pili ilikuwa ghali. Hata gharama ilipogawanywa kwa watu wanne, fungu la kila mmoja lilizidi nauli ya basi mara nyingi. Mwenzetu mmoja aliuliza: ikiwa barabara ni moja na bahari ni moja, fedha hizo za ziada ni za kununulia nini? Swali lake lilikuwa la haki, na halikupata jibu asubuhi ile. Tulikubaliana tu kuwa basi haliwezi kusimamishwa kwa sababu abiria mmoja ameona kitu kando ya njia.

Kiongozi wetu alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa kijiji kimoja cha pwani ile ile. Alimwita kila mmoja wetu "professore", kwani Waitalia humpa mwalimu wa shule ya sekondari jina lile lile wampalo mwalimu wa chuo kikuu, nasi hatukumkataza. Alikuwa mchache wa maneno motokaa ilipokuwa ikienda, na kwa sababu njema. Barabara ile, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, ilichongwa katika jabali katika karne ya 19, zama za Mfalme Ferdinand II aliyetawala kusini ya Italia. Kabla yake watu walisafiri kwa mashua, au kwa miguu na punda juu ya ngazi za mawe zilizopanda na kushuka milimani. Kuume kwetu palikuwa na bahari chini ya genge. Kushoto palikuwa na ukuta wa mwamba. Na mbele yetu, katika kila kona, palikuwa na uwezekano wa kukutana na basi.

Karibu na mji wa Positano alisimamisha motokaa mahali penye nafasi, akatushusha, akauliza: "Mnaona nini?" Mmoja wetu akajibu kwamba anaona bahari. Wa pili akasema anaona nyumba nyeupe, za manjano na za waridi, zilizopandana kama watu wanaochungulia mchezo juu ya mabega ya wenzao. Wa tatu akaonyesha visiwa vidogo vya Li Galli, ambavyo masimulizi ya kale yalisema vilikuwa makao ya wale viumbe wa kike walioangamiza mabaharia kwa sauti zao tamu, na ambao Homer anawataja katika utenzi wa Odisei. Kiongozi akacheka, akasema: "Mmetaja yote isipokuwa kitu kinachoyazuia yote yasianguke baharini. Tazameni kuta."

Ndipo tulipoziona. Upande wa mlima ulikuwa umekatwa vidato, kimoja juu ya kingine, mamia kwa mamia, kama ngazi ya jumba la majitu. Kila kidato kilikuwa shamba dogo, pengine lenye upana wa hatua chache tu, na kila shamba lilizuiwa na ukuta wa mawe. Kuta hizo hazikujengwa kwa saruji wala kwa chokaa. Fundi huchagua jiwe, akaligeuza mkononi, akalipanga juu ya wenzake. Makubwa hukaa chini, madogo hujaza mapengo, na ukuta wote huegemea mlima kidogo. Asiyejua aweza kudhani kwamba ujenzi wa namna hiyo ni wa mtu aliyekosa fedha za saruji. Kumbe una akili kubwa ndani yake. Mvua inyeshapo, maji hupenya katikati ya mawe yakatoka polepole. Ukuta wa saruji usio na matundu huyafunga maji nyuma yake, hata uzito wa udongo uliolowa ukausukuma na kuubomoa. Ukuta ule hudumu kwa sababu hupisha. Mwaka wa 2018 shirika la UNESCO liliutia ufundi huu, wa Italia pamoja na nchi nyingine saba za Ulaya, katika orodha ya urithi wa wanadamu. Na pwani yenyewe ilikuwa imekwisha kuingizwa katika urithi wa dunia tangu mwaka wa 1997.

Mazao yaliyoifanya kazi hiyo yote iwe na maana ni malimau. Malimau ya pale huitwa sfusato. Ni marefu, yamechongoka, na ganda lake lina harufu inayobaki vidoleni mpaka jioni. Matawi ya miti hutandazwa juu ya chanja za boriti, na wakati wa baridi chanja hufunikwa kwa nyavu ili upepo na mvua ya mawe visiharibu matunda. Waitalia husema "limone", sisi twasema "limau", na maneno yote mawili yana mzizi wake katika neno moja la Kiarabu. Nilifurahi kulikuta neno letu huko mbali, kama mtu anayekutana na ndugu wa mama mmoja katika mji wa kigeni.

Lakini limau halishuki mlimani lenyewe. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Walijitwika makapu yenye uzito wa kilo 50 na zaidi, wakashuka mamia ya ngazi mpaka ufukoni, ambako vyombo vilingoja, kisha wakapanda tena kuchukua mzigo mwingine. Watu waliwaita "formichelle", yaani sisimizi wadogo. Bibi yake kiongozi wetu alikuwa mmoja wao. Alituambia habari hiyo bila kujivuna na bila kusikitika, kama mtu atajaye kazi ya babu yake katika karatasi ya serikali.

Tulifika Amalfi kabla ya adhuhuri. Leo ni mji mdogo wenye wakazi 5,000 hivi, lakini katika karne ya 10 na ya 11 merikebu zake zilifanya biashara na Misri, Shamu na Konstantinopoli, na sheria zake za bahari zilifuatwa na mabaharia wengi. Kanisa kuu lake, lililo juu ya ngazi ndefu, lina milango ya shaba nyeusi iliyosubiwa Konstantinopoli katika karne ya 11. Kutoka kwa Waarabu watu wa Amalfi walijifunza kutengeneza karatasi kwa matambara yaliyopondwa kwa nguvu za maji ya kijito. Mwaka wa 1231 Kaisari Frederick II alikataza hati za serikali zisiandikwe juu ya karatasi, kwani aliiona haidumu kama ngozi. Lakini karatasi ilishinda, na katika bonde la vinu tulionyeshwa jinsi ilivyofanywa. Utukufu wa mji haukudumu. Wanormani waliutwaa mwaka wa 1073, watu wa Pisa waliupora mwaka wa 1135 na wa 1137, na mwezi wa Novemba 1343 dhoruba kubwa ya bahari iliimeza bandari pamoja na sehemu ya mji.

Wakati wa chakula nilimwuliza kiongozi ni nani alimaye sasa shamba la bibi yake. Alikaa kimya kidogo kisha akasema: "Nusu nailima mimi siku za mapumziko. Nusu ya pili imekuwa mwitu. Professore, fedha nipatazo kwa siku moja ya usukani, malimau hayawezi kunipa kwa siku nyingi. Mwanangu amesoma, anafanya kazi Milano, na ngazi hazitaki. Simlaumu, maana mimi ndiye niliyemsomesha. Lakini ukuta haujui sababu zetu. Jiwe moja likitoka mwaka huu lisirudishwe, mwaka ujao yatatoka kumi."

Sikuwa na jibu. Mimi pia ni mwalimu, na kazi yangu ni kuwafungulia vijana milango ambayo wengi wao watapitia ili wasirudi. Nilitafakari jinsi mambo yale yalivyofungana. Wageni huja kwa sababu ya uzuri wa vidato vile. Fedha za wageni humwita mkulima aviache vidato akaendeshe motokaa au akahudumu hotelini. Na vidato vikiachwa huporomoka, pamoja na uzuri uliowaleta wageni. Hakuna hata mmoja katika mzunguko huo aliyefanya neno baya. Kila mtu ana haki yake, na hata hivyo ukuta unaanguka.

Hatari yenyewe haikuwa ya uzuri peke yake. Jioni, katika njia ya kuelekea Maiori na Vietri, kiongozi alitukumbusha usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Oktoba 1954. Mvua isiyo na kifani ilinyesha juu ya milima ile, mito ikafurika, udongo na mawe yakateremka juu ya miji, na watu zaidi ya 300 wakafa katika Salerno na vijiji vya jirani. Mvua kama ile hubomoa hata kilichojengwa vyema. Lakini mlima ambao kuta zake zimetunzwa hunywa maji kidogo kidogo, na mlima uliotupwa huyaacha yashuke kwa pamoja. Mawe yale yaliyopangwa na watu wasiojulikana majina yalikuwa yakiwalinda watu waliolala bondeni.

Kabla ya hapo tulikuwa tumepanda Ravello, mji uliokaa juu ya mlima, zaidi ya mita 300 kutoka baharini. Mtunzi wa muziki Richard Wagner aliiona bustani ya Villa Rufolo mwaka wa 1880, akasema kuwa ameipata bustani ya mchawi aliyokuwa akiiwaza kwa ajili ya mchezo wake wa Parsifal. Tulisimama katika bustani hiyo juu ya maua mekundu na bahari ya buluu. Wageni wengine walitazama mbali. Sisi wanne tuliinama, tukatazama chini ya maua, na hapo palikuwa na ukuta.

Kiongozi alituacha katika stesheni ya garimoshi ya Salerno, akatupa mkono mmoja mmoja. Yule mwenzetu aliyeuliza juu ya fedha alisema, tulipokwisha kukaa: "Kwa nauli ya basi ningaliiona bahari. Nadhani hizi nyingine nimelipia kuta." Hakuna aliyebishana naye.

Vijana mnaosoma maneno haya, huenda msifike Italia, wala si lazima kufika. Katika vilima vya Machakos wakulima walichimba mitaro na kuutupa udongo upande wa juu, kazi waliyoiita "fanya juu", mpaka matuta yakazuia mmomonyoko. Aendaye kwa basi katika barabara ya huko huona vilima vya kijani tu. Ninyi mtasoma, na wengi wenu mtaondoka kwenu, kama mtoto wa kiongozi wetu. Wala mimi sitawazuia. Nawaomba jambo moja tu. Kila mwonapo kitu kizuri kilichosimama, kiwe shamba, daraja, nyumba au shule, ulizeni ni nani huyarudisha mawe yake yatokapo. Na mkisikia kuwa mtu huyo amezeeka na hana wa kumsaidia, jueni kuwa kuna kazi inayowangoja.