Bwanikwa na mali yetu

Juma hili hatuandiki juu ya chanjo ya watoto wala juu ya bei ya makala. Siku ya posho iliyopita tulisoma habari moja ya ndoa za zamani, na wale ambao hawakufika wametuuliza sababu gani wenzao walirudi nyumbani bila kucheka kama kawaida. Basi tunaiandika.

Ni habari ya mwanamke wa Kiluba, jina lake Bwanikwa. Aliisimulia mwenyewe kwa mmisionari Mskoti, Dugald Campbell, aliyekaa miaka mingi huku Katanga na kando ya Luapula, naye akaitoa katika kitabu kidogo cha Kiingereza. Baadaye mwalimu wa historia wa Marekani, Marcia Wright, aliifanyia kazi tena, na imo katika kitabu chake cha 1993 juu ya maisha ya watumwa na wanawake wa pande zetu. Binti mmoja wa kikundi anayejua Kiingereza alitusomea kipande kwa kipande na kugeuza kwa Kiswahili, sisi huku tukichambua sombe. Maneno yamepita kwa mikono mingi mpaka kutufikia, na mkono mmoja ni wa mwanaume mgeni. Hata hivyo kuna mahali ambapo tulimsikia mama yule kama ameketi kati yetu.

Mahali pa kwanza ni pale anapomtaja baba yake. Baba alikuwa na wake kumi na wawili. Mke mkubwa, binti wa chifu Katumba, akafa. Wakwe wakadai malipo ya kifo, ndiyo desturi, nao wakataka watumwa watatu. Baba akapata wawili tu. Wa tatu akamtoa Bwanikwa, mtoto wake wa kumzaa. Hiyo ilikuwa karibu na mwaka 1886. Alipomkabidhi kwa bwana mpya alimwomba amtunze mtoto vizuri, asimuuze kwa mwingine, kwa sababu yeye mwenyewe atarudi kumkomboa. Hakupata cha kumkomboa. Mtoto akabaki.

Hapo kusoma kulisimama. Wengine walimlaani baba yule. Kambo mmoja wa kikundi, ambaye ameoza binti watano, akasema polepole: msimfanye kuwa mnyama, alikuwa mtu mwenye deni. Tulinyamaza, maana jibu hilo lilitukera kuliko laana zote.

Zamani hizo zilikuwa za M'Siri. Yeye alitoka Unyamwezi, akajenga ufalme wake Bunkeya, akafanya biashara ya shaba, pembe za ndovu na watu, kwa upande wa bahari ya mashariki na upande wa Angola pia. Bunduki, baruti na vitambaa viliingia, watu wakatoka. Mwisho wake mnaujua: mwezi wa 12 mwaka 1891 aliuawa na watu wa msafara wa Stairs waliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold. Tunayoyasoma shuleni ni hayo ya wakubwa. Bwanikwa alikuwa chini kabisa ya mambo hayo, akipita toka mkono mmoja hadi mwingine, mpaka Campbell akaandika kwamba alikuwa mtumwa mara kumi.

Sasa, wamama, angalieni neno hili. Mwanamke wa namna hiyo alikaa kwa mwanaume, akapika, akalima, akazaa, na watu wakamwita mke. Tofauti yake na mke mwingine haikuonekana jikoni. Ilionekana siku ya matata. Mke aliyeolewa kwa mali ana wajomba na kaka; akipigwa kupita kiasi watakuja, wataketi, wataita kesi. Mtumwa aliyefanywa mke hana wa kumwita. Tena kwa makabila yanayohesabu ukoo kwa upande wa mama, kama wengi wa Luapula, watoto wa mke aliyenunuliwa wanabaki wa baba, kwa kuwa mama hana ukoo wa kuwadai. Wanaume wengi walipenda ndoa ya namna hiyo kwa sababu hiyohiyo. Mke asiye na mlango wa kurudia anasumbua kidogo.

Mama mmoja alisema hayo ni ya zamani zetu za giza, Wazungu hawakuwa hivyo. Binti yetu akacheka, akatusimulia habari ya Mary Eleanor Bowes wa Uingereza, mmoja wa wanawake matajiri kabisa wa nchi ile. Mwaka 1777 aliolewa na Andrew Robinson Stoney, aliyemdanganya kwamba anakufa kwa jeraha alilolipata akipigania heshima yake. Baada ya harusi jeraha likapona haraka sana! Alimpiga, akamfungia, akamlazimisha kutia sahihi karatasi za kumwachia mali yake, kwa kuwa kwa sheria ya huko wakati ule vitu vya mke vilikuwa vya mume. Mwaka 1785 alikimbia kwa msaada wa watumishi wake wa kike. Mume akamteka mwaka uliofuata, akazunguka naye katika baridi siku nane hivi mpaka watu wakamwokoa. Talaka yake ilikamilika 1789. Mwanamke mwenye majumba na mashamba, na waliomfungulia mlango walikuwa wajakazi.

Turudi kwa Bwanikwa. Mume wake wa baadaye aliitwa Wafwilwa, mtu wa misheni. Huyu hatusomi kwamba alikuwa mkatili. Lakini Bwanikwa alijua kwamba kwa desturi bado ana bei, kwamba yeye na mume hawakuingia nyumbani kwa mlango mmoja. Basi akafanya kazi kwa mikono yake, akaweka akiba, akanunua bunduki. Mwaka 1911 akamletea mume wake bunduki ile kuwa malipo ya kujikomboa mwenyewe. Mwaka 1911! Mji wetu ulikuwa na mwaka mmoja tu tangu uanzishwe, reli imefika juzi, na huko kando ya Luapula mama anamlipa mume wake ili asiwe kitu chake.

Hapa tuligawanyika, na tunaandika yote mawili. Wengine walisema alifanya vizuri sana: kwa namna watu wa wakati wake walivyoelewa, malipo tu ndiyo yangefunga vinywa vyao. Wengine wakakasirika: kwa nini alipe yeye? Deni lilikuwa la baba yake, tena la marehemu mke mkubwa, yeye alikula nini?

Mabishano hayo hayakuwa ya 1911, kila mmoja alijua. Kati yetu kuna mama ambaye binti yake alirudi nyumbani mwezi uliopita, jicho limevimba, mtoto mgongoni. Ametupa ruhusa ya kuandika bila majina. Wajomba walikutana. Hawakuuliza sana juu ya jicho. Waliuliza mali itarudishwa na nini, maana mali imekwisha kuliwa: sehemu ilinunua manjanja ya nyumba, sehemu ilimwolea kaka yake mke. Wakamshauri binti avumilie, wakamrudisha kwa mume na maneno mazuri, wakimwomba mume amtunze. Mama yule aliposikia habari ya baba wa Bwanikwa alisimama akatoka nje, nasi hatukuelewa mara moja.

Juu ya sheria tuseme kidogo, kwa kuwa kuna wanaotishwa kwa vitu ambavyo havipo tena. Kitabu cha Sheria za Jamaa cha 1987 kilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa mambo mengi, kama kwenda mbele ya tribinali. Sheria ya mwezi wa 7 mwaka 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Mali bado inatakiwa kwa ndoa. Lakini kupiga mtu na kumjeruhi ni kosa, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliyetoa mali amesamehewa.

Binti amerudi tena nyumbani juma hili. Mama yake anataka zamu yake ya likelemba iletwe mbele, apate franka za kuanza kurudisha mali, mume asiwe na neno. Nusu ya kikundi wanakubali. Nusu wanasema tukilipa tunakiri kwamba alinunuliwa, heri makuta hayo yamfungulie biashara ya unga pale soko la Kenya, na mume aende adai kwa wajomba waliokula. Mama mwenyewe amejibu kwamba wenye maneno hayo hawataamka usiku mume akigonga mlango.

Zamu za likelemba tutazipanga siku ya posho hii, saa nane. Aje kila mwenye daftari, hata aliyechelewa kulipa. Binti naye ameombwa afike aseme anataka nini, kwa sababu mpaka sasa tumesikia mama, wajomba na sisi tu.