Mimi na Leso Yangu

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikufikia kifo, lakini kamasi ziliniumbua mbele ya darasa zima.

Kwetu ni Athi River, karibu na EPZ, eneo la viwanda lililoanzishwa baada ya sheria ya mwaka 1990. Alfajiri barabara hujaa wafanyakazi kama siafu. Mama yangu ni mmoja wao. Hushona suruali za kuuzwa ng'ambo. Nje kuna vumbi la malori na saruji, ndani kuna vumbi la vitambaa. Tangu kidato cha kwanza pua yangu ilikuwa imeziba. Nikiinama kuandika, paji la uso laniuma. Harufu ya maandazi nilikuwa nimeisahau. Wenzangu wakanibandika jina, "Mzee Leso". Nilicheka nao, lakini moyoni nililia.

Nikanunua dukani dawa ya matone ya kuzibua pua. Lo! Ilizibuka papo hapo! Nikawa naitia kila siku kwa miezi miwili, kwa pesa za nauli, huku nikitembea kwa miguu. Kumbe najichimbia kaburi! Dawa ikiisha nguvu, pua huziba maradufu.

Siku moja mama aliniuliza, "Mwanangu, pesa hizi nazitolea jasho. Wazipeleka wapi?"

Nikamwonyesha kichupa, nikingoja kugombezwa. Mama alinyamaza, akafungua mkoba wake na kutoa kichupa kama changu. Naye alikuwa akificha, akiogopa kwamba akionekana mgonjwa atapoteza kibarua.

Jumapili iliyofuata tulikwenda pamoja kwa daktari. Alitueleza kuwa sainasi ni matundu ya hewa katika mifupa ya uso, jozi 4. Yakivimba zaidi ya wiki 12, hayo ni maradhi sugu. Matone yale ni ya siku chache tu. Yakizidi, yenyewe huziba pua. Alitupa dawa nyingine ya kupuliza puani, ya kupunguza uvimbe, ambayo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Pia akatufundisha kuosha pua: maji yachemshwe, yapoe yawe vuguvugu, yatiwe chumvi nusu kijiko cha chai kwa kikombe. Maji ya mfereji yasiyochemshwa, marufuku!

Sasa kila jioni mimi na mama huinama juu ya beseni moja. Mara ya kwanza nilidhani nazama! Siku hizi twachekana tu. Mama hufunga kitambaa puani akiwa kazini, na baadhi ya wenzake wamemwiga.

Je, tumepona? La. Vumbi lingali pale, na kazi ingali pale. Lakini juzi nilipita karibu na jiko la shule, nikasimama kama mtu aliyeitwa jina. Maandazi!

Mwenzangu unayeficha leso mfukoni, mwambie mtu wa kwenu. Huenda naye ana kichupa mkobani.