GITTING: WAGENI WAWILI CHINI YA MLIMA MMOJA

Ndugu msomaji, siku utakayofika Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, ukashuka katika basi litokalo Babati kwenda Singida, usiwe na haraka ya kuuliza njia. Simama kwanza uutazame mlima. Hanang ni mlima wa volkeno uliosimama peke yake, kimo chake ni zaidi ya mita 3,400, na asubuhi nyingi kilele hakionekani kwa ukungu. Gitting, niliyokuwa nikiiendea, iko upande wake wa kaskazini. Gari la abiria lilikuwa limekwisha kuondoka, nami nikalazimika kupanda nyuma ya pikipiki ya kijana mmoja aliyevaa koti zito, ambaye aliniangalia shati langu la mikono mifupi kwa huruma, kisha akanikodisha na blanketi. Sikujuta. Baridi ya Gitting haina mzaha.

Nilikwenda huko kwa sababu ya mzaha mwingine. Siku moja kazini kwetu mwenzetu alisema kwamba Mmbulu ukimpa jembe na Mmang'ati ukimpa fimbo, kisha ukarudi baada ya miaka hamsini, utamjua mwenye nyumba ya bati hata bila kuuliza. Tukacheka sote. Nami nilicheka, na baadaye nikaona haya. Maana mimi mwenyewe ni mjukuu wa manamba aliyetoka Kigoma kwenda kukata mkonge Tanga, na utotoni nilizisikia kauli za namna hiyo juu ya watu wetu mpaka nikazizoea.

Nianze na majina. Hao tunaowaita Wambulu wenyewe hujiita Wairaqw, na lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali. Hao tunaowaita Wamang'ati ni Wadatoga, na kundi lao kubwa huko Hanang ni Wabarabaig. Lugha yao ni ya Kiniloti, jirani ya lugha za Wakalenjin wa Kenya. Neno Mang'ati walipewa na Wamasai, na maana yake ni adui. Kwa hiyo kila tunapolitamka jina hilo sokoni au stendi, tunamwita mtu kwa jina alilobandikwa na waliokuwa wakipigana naye.

Jambo la pili la kushika ni kwamba kabila zote mbili ni wageni. Nilistaajabu kuona kwamba hakuna aliyenificha hilo. Bibi mmoja wa Kiiraqw, ambaye nyumba yake iko juu kidogo ya barabara, alinikaribisha jikoni karibu na moto, akanimiminia maziwa ya mgando, kisha akaniambia bila kuulizwa: "Mwanangu, sisi hapa si kwetu. Mimi nililetwa mgongoni." Baba yake alitoka Kainam, katika milima ya Mbulu, ambako ndiko kitovu cha Wairaqw.

Sababu ya safari hiyo yafaa ielezwe. Kabla ya utawala wa Wajerumani, Wairaqw walikuwa wamebanwa katika eneo dogo la milima, wakiogopa kushuka kwa ajili ya mashambulizi ya Wamasai na majirani wengine. Walijenga nyumba za tembe zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, paa likiwa sawa na ardhi, hata adui apite asizione. Katika dhiki hiyo ya nafasi walijifunza kilimo ambacho wataalamu wengi wamekisifu: matuta ya kuzuia mmomonyoko, samadi ya ng'ombe wanaolala ndani ya nyumba, mazao yaliyochanganywa. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wa Wamasai kwa maelfu na kuwavunja nguvu, amani ya kulazimishwa ya wakoloni ikafuata, nao Wairaqw wakaanza kumiminika pande zote: Karatu, Mbulumbulu, Dongobesh, na mwisho Hanang. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza iliwasukuma zaidi, kwa kufyeka vichaka vya mbung'o na kupunguza mifugo katika milima iliyochoka.

Yaani, msomaji, Mwiraqw aliyefika Gitting hakuja mikono mitupu. Alikuja na elimu ya kuishi katika ekari chache. Shamba la yule bibi nililitembea lote kwa muda mfupi kuliko unavyovuta sigara mbili: mahindi, maharage, kipande cha ngano, ng'ombe watatu wa kufunga na lundo la samadi lililofunikwa vizuri. Katika ekari hizo amesomesha watoto watano. Mmoja ni mwalimu, mwingine ni fundi mitambo mjini Arusha. Nyumba, naam, ni ya bati.

Siku ya pili nikateremka kwenda kwa Wabarabaig, upande wa ukame. Mzee mwenye boma alikuwa na shuka jekundu na fimbo, sawasawa na picha tuliyo nayo vichwani. Zizi lake lilikuwa kubwa kuliko ng'ombe waliokuwamo. Nilipomwuliza asili yao, alielekeza fimbo kaskazini akataja Ngorongoro. Ni kweli: Wadatoga ndio waliokuwa wakikaa huko kabla ya kuondolewa na Wamasai katika karne ya 19, na hata leo makaburi ya wazee wao yamo ndani ya kreta, nao huenda kuyazuru. Kwa hiyo huyu naye ni mgeni, ila ametangulia.

Walakini Mbarabaig alikuja na elimu ya namna nyingine. Yeye anajua malisho. Anayagawa kwa majina, ya mlimani, ya msituni, ya kando ya ziwa la magadi la Balangida, ya mabonde yenye rutuba wanayoyaita muhajega, na anahamisha mifugo kutoka moja hadi jingine kufuata mvua, ili kila mahali papate kupumzika. Macho ya mpita njia huona ardhi tupu isiyo na mwenyewe. Mwenyewe yupo, ila yuko bonde la pili na atarudi mvua ikinyesha. Ukiliondoa bonde moja katika mzunguko huo, ni kama kuondoa jino moja katika gurudumu la saa.

Na liliondolewa lile lililo bora kuliko yote. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, lilianza kulima ngano katika nyanda za Basotu, magharibi ya mlima. Mashamba yakafika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret, jumla yake zaidi ya ekari 100,000. Nchi ilihitaji mkate, hilo halina ubishi, na wewe na mimi tuliokulia mjini tumeula mkate huo. Lakini ekari hizo zilikuwa muhajega. Pamoja na malisho yalikwenda na makaburi. Mzee wa heshima wa Kibarabaig huzikwa chini ya kichuguu cha udongo kiitwacho bung'ed, na sherehe zake huchukua miezi. Trekta halina habari ya bung'ed. Mengine yalilimwa.

Wananchi wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981, na mwaka 1984 Mahakama Kuu mjini Arusha ikawapa haki. NAFCO ikakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba wengi wa wadai hawakuwa wamethibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi, sheria iliyotungwa na Mwingereza mwaka 1923. Niliposoma jambo hilo mara ya kwanza nilirudia aya nzima nikidhani nimekosea. Mtu alitakiwa aoneshe kwa ushahidi kwamba si mgeni, katika nchi ambayo karibu kila mmoja wetu babu yake alitoka mahali pengine!

Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimeitambua haki ya kimila ya kumiliki ardhi ya kijiji. NAFCO haipo tena, na baadhi ya mashamba yale yaligawiwa kwa wananchi, mengine yakaenda kwa wawekezaji. Lakini kwa wengi ilikuwa wameshaondoka. Wabarabaig walitawanyika na ng'ombe wao hadi Usangu, na walipoondolewa huko pamoja na wafugaji wengine mwaka 2006 na 2007, wakasogea Rufiji na Lindi. Wana wawili wa yule mzee wako huko. Wa tatu hajulikani aliko.

Naomba unisindikize ng'ambo kidogo, kwa sababu mizani hii tumeiona kwingine. Waskoti wengi wa milimani waliondolewa katika ardhi ya mababu zao katika karne za 18 na 19 ili kondoo wa mabwana wapate nafasi. Walikuwa maskini hohehahe. Lakini huko Kanada walikokwenda walipata ardhi, nao wajukuu zao wakapata mabenki na vyuo. Mwafrika aliyepelekwa Jamaica hakupata ardhi, alipata jembe katika shamba la miwa la mtu mwingine, mara nyingi Mskoti, na ndiyo sababu hata leo jina la Campbell limejaa Jamaica. Mjukuu wake alipopanda meli Empire Windrush mwaka 1948 kwenda Uingereza kutafuta kazi, alianza tena safari bila kitu. Kisha hutokea mtu akawaweka wajukuu hawa wawili katika jedwali moja, akahesabu nyumba na vyeti, akatoa hukumu juu ya tabia zao. Kauli ya mwenzetu kazini haitofautiani na jedwali hilo.

Sisemi kwamba tabia hazina uzito. Wabarabaig walichelewa kupeleka watoto shule, na wazee wenyewe wanakiri. Wala si kweli kwamba Wairaqw hawana lawama, maana jembe lao nalo limekula malisho, kidogo kidogo na bila trekta, na yule bibi alipoliona swali hilo linakuja alianza kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Hatimaye akasema, "Tuliomba kwa jirani, akatupa. Baadaye watoto hawakuomba."

Akina mama wanaosoma ukurasa huu watapenda kujua jambo moja ambalo Mbarabaig anatuzidi sote. Wanawake wao wana baraza lao, girgwageda gademga. Mwanamume akimdhulumu mke wake, au akivunja heshima ya uzazi, akina mama hukutana, husikiliza, na humtoza faini ya ng'ombe, na mzee mwenye mali kiasi gani hawezi kulipuuza. Msomi wa Kimarekani George Klima aliandika habari zake katika miaka ya 1960. Mke wa mzee, ambaye bado anayo sketi yake ya ngozi ya harusi, hanang'wend, alicheka nilipouliza kama mumewe aliwahi kutozwa. Mzee hakucheka.

Na katika uwanja wa mbio hakuna jembe wala fimbo. Mwaka 1974 Filbert Bayi, Mwiraqw wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch. Miaka minne baadaye Gidamis Shahanga wa Hanang alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, na Edmonton, kumbuka, iko Kanada, huko huko yalikotoka matrekta.

Kisha kuna mlima. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu yake iliporomoka kwa mvua, tope na mawe vikashuka Gendabi na Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Huko Gitting walionieleza habari hizo walitaja marehemu kwa majina ya ukoo ya Kiiraqw na ya Kibarabaig, pamoja na ya wafanyabiashara waliotoka mikoa mingine, bila kuyatenga. Waliobaki bila makazi walijengewa nyumba Warret. Ndiyo, Warret ile ile ya ngano, na kabla ya ngano, ya muhajega.

Wakati wa kuondoka, mke wa mwana mdogo wa yule bibi alinisindikiza hadi barabarani. Njia nzima nilimdhania Mwiraqw, mpaka tulipokutana na yule mzee wa shuka jekundu, naye akampokea kwa kumwita binti yangu. Mzee akanivuta kando. Alisikia kwamba ninakaa mjini. Mke wa mwanawe wa tatu, yule asiyejulikana aliko, alionekana mwaka juzi Morogoro, sokoni, akiuza dawa za mizizi na watoto wawili ubavuni. Kama nikipita huko nimtafute.

Nimepita mara mbili. Wanawake wa Kidatoga wapo, wamekaa chini na mizizi yao juu ya magunia, na kila niliyemwuliza alinitazama kama wanavyotazamwa askari wa mgambo. Labda wewe, ndugu msomaji, unapita hapo kila siku ukienda kazini. Ukimwona mama wa namna hiyo, usianze na kumwita Mmang'ati. Msalimie, umwulize kama ni wa Gitting, na umwambie kwamba mkwewe yu hai na mvua imeanza kunyesha.