Mambo Niliyochelewa Kuyajua

Mimi ni mtoto wa askari polisi. Nilizaliwa na kulelewa kambini, mahali ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya gwaride, ya foleni ya maji, na ya akina mama waliokopeshana chumvi mlango kwa mlango. Baba yetu alifanya kazi ya trafiki kwa miaka mingi katika ile barabara kuu itokayo Malaba, mpakani mwa Kenya, ikapita Bugiri, Iganga na Jinja hadi Kampala. Msomaji anayeifahamu barabara hiyo hahitaji kuelezwa habari ya malori yake. Shehena nyingi zinazoshushwa bandarini Mombasa, ziendazo Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo, hupita hapo usiku na mchana. Sisi watoto tulikuwa tukikaa kwenye ua wa kambi tukihesabu magurudumu ya matela, na aliyekosea hesabu alipigwa kofi la mchezo.

Baada ya kupata cheti cha ualimu nilifundisha miaka michache, kisha nikaajiriwa katika ofisi ya wilaya, ambako kazi yangu ni mafaili. Nayataja haya si kwa kujisifu, bali msomaji apate kuelewa kwa nini, msiba ulipotufikia, jamaa wote walinigeukia mimi. Walidhani mtu aliyezoea mafaili huzijua na sheria. Nami, kwa haya na kwa kiburi kidogo, sikuwasahihisha.

Mwezi wa Machi 2017 kaka yangu, ambaye ni koplo wa jeshi, alikuja likizo. Alishuka kwenye basi jioni, akapanda bodaboda ya kijana wa kijijini kwetu, baba wa watoto wawili. Walipokuwa katika mteremko, lori la kontena lilitaka kulipita lori jingine, likatoka upande wake na kuwakuta katika upande wao. Yule kijana alifariki papo hapo. Kaka alipondeka mguu wa kushoto, na siku ya pili madaktari wakaukata juu ya goti.

Siku ya tisa hospitalini alikuja bwana mmoja aliyevaa suti, mkobani ana karatasi. Alijitambulisha kuwa ametumwa na wenye lori, na kwamba ni watu wenye huruma. Alimkuta shemeji yangu peke yake. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua dawa. Kaka alikuwa ametoka kuchomwa sindano ya kutuliza maumivu, na macho yake yalikuwa hayatulii mahali pamoja. Yule bwana alihesabu shilingi 1,500,000 juu ya kitanda, akamwomba kaka atie sahihi na shemeji atie dole gumba kama shahidi. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Niliporudi nilimkuta shemeji amezifunga fedha zile katika kitenge, analia na kushukuru kwa wakati mmoja. Niliisoma karatasi. Ilisema kwamba mgonjwa amepokea malipo yote, na kwamba hatadai kitu kingine chochote milele.

Nilifanya nini? Niliikunja, nikaiweka mfukoni, nikanyamaza. Niliamini kwamba sahihi ni sahihi. Aidha, wenzake kaka waliokuja kumtazama walisema askari ni mali ya Serikali, hivyo Serikali itamtunza na hana haja ya kushitakiana na raia. Jambo hili nimelisikia mara nyingi katika makambi, na nusu yake si kweli. Ni kweli kwamba jeshi lina taratibu zake kwa askari wake, na kwamba Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 haiwahusu wanajeshi walio kazini. Lakini askari aliyegongwa na lori la biashara ana haki ile ile ya kumdai mwenye lori aliyo nayo muuza nyanya. Vazi la kijeshi halimwondolei haki hiyo.

Sheria hiyo ya mwaka 2000, nalitaja hili kwa ajili ya wale wenye wadogo zao katika malori, inamhusu utingo. Utingo akivunjika akiwa kazini, mwajiri wake anawajibika kumlipa hata kama hakuna aliyekosea njiani. Akifa na kuacha wanaomtegemea, kipimo ni mshahara wake wa miezi 60. Matingo wengi hawana barua ya kazi, na wajane wao huambiwa kwamba marehemu alikuwa amepewa lifti tu.

Nirudi kwenye habari yetu. Kesi ya polisi ilifunguliwa dhidi ya dereva. Hapo ndipo nilipotenda kosa ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni. Mjane wa yule kijana wa bodaboda alikuja nyumbani kwetu, amembeba mtoto mdogo mgongoni, akaniuliza, "Mwalimu, sisi tufanye nini?" Watu wa lori walikuwa wamempelekea jeneza, gunia la unga na fedha kidogo za matanga. Nilimjibu kwa sauti ya mtu anayejua: "Mama, tusubiri. Kesi iko mahakamani. Hakimu akimpata dereva na hatia, atasema tulipwe." Alinishukuru, akaenda zake.

Tukasubiri. Kesi iliahirishwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka: mara hakimu yuko semina, mara shahidi hakufika, mara faili halionekani. Ilikwisha Novemba 2019. Dereva alipatikana na hatia, akatozwa faini, akailipa siku ile ile na kuondoka. Nilibaki nimesimama kwenye veranda ya mahakama, nikitazamia kuitwa. Karani mmoja, mzee wa makamo, alinihurumia akaniuliza ninasubiri nini. Nilipomweleza alitikisa kichwa. "Faini ni ya Serikali, ndugu yangu. Fidia ni kesi nyingine, ya madai, na mnaifungua wenyewe. Nani alikwambia lazima hii iishe kwanza?"

Hakuna aliyeniambia. Niliambiwa na nafsi yangu.

Karani huyo ndiye aliyenielekeza kwenye ofisi ya msaada wa sheria. Mimi nilikuwa nikidhani wakili ni mtu wa wenye fedha. Kumbe Chama cha Mawakili cha Uganda kilianzisha mradi wa kuwasaidia wasio na uwezo tangu mwaka 1992. FIDA, chama cha mawakili wanawake, kipo tangu 1974. Na kanuni za mwaka 2009 zinamtaka kila wakili atoe saa 40 kwa mwaka kuwahudumia maskini bila malipo. Nilijifunza pia kwamba yule dalali ambaye hukaa karibu na wodi za majeruhi, akisema anamjua wakili atakayeshinda kesi kisha mgawane nusu kwa nusu, anatangaza jambo lililokatazwa. Nchini Uganda wakili haruhusiwi kupatana na mteja kwamba atachukua fungu la fedha zitakazoamuliwa.

Tulifika katika ofisi hiyo Januari 2020, mimi, kaka kwa magongo yake, shemeji, na yule mjane. Wakili aliyetupokea alikuwa binti wa umri mdogo kuliko wangu, na nakiri kwamba nilivunjika moyo kidogo nilipomwona. Alitusikiliza bila kuandika. Kisha akauliza tarehe ya ajali, akahesabu kwa vidole, akasimama.

"Afande," alimwambia kaka, "aliyeumizwa ana miaka mitatu tu ya kufungua madai. Yako inakwisha Machi. Tuna wiki saba."

Nilitoa ile karatasi ya hospitali, nikidhani ndiyo mwisho wetu. Aliisoma, akamuuliza shemeji ilikuwaje. Shemeji alieleza yote, mpaka habari ya sindano. Wakili alisema Sheria ya Mikataba ya 2010 haimfungi mtu kwa maneno aliyotiishwa sahihi kwa hila au kwa kuonewa katika udhaifu wake. Mapatano ya namna hiyo mahakama inaweza kuyatengua. Akatutuma hospitalini tukachukue nakala ya kumbukumbu za dawa za siku ile. Kumbukumbu zilionyesha saa ya sindano, na ile karatasi ilikuwa imeandikwa saa ya sahihi. Tofauti ilikuwa dakika 40.

Taabu kubwa zaidi ilikuwa kumpata mwenye lori. Wasomaji polisi watanisamehe nikilieleza hili kwa urefu. Lori la kontena lina namba mbili: ya kichwa na ya tela, na pengine wenyewe ni wawili tofauti. Taarifa ya polisi tuliyopewa ilitaja namba ya tela peke yake. Tulipoitafuta katika usajili, tela lilionekana ni la mtu aliyekwisha kuliuza zamani. Bila namba ya kichwa tungemshitaki nani? Lakini siku ile ya ajali alikuwapo konstebo mmoja wa kike, mgeni kazini, aliyekuwa na daftari lake mwenyewe la mistari. Baba, ambaye amestaafu lakini bado anajulikana vituoni, alimtafuta mpaka akampata amehamishiwa wilaya nyingine. Daftari alikuwa nalo bado. Ndani yake mlikuwa na namba ya kichwa, namba ya tela, jina lililoandikwa mlangoni, na maneno ya stika ya bima iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele: jina la kampuni, namba na tarehe. Alikuwa amechora na ramani ndogo yenye alama za breki, akapima kwa hatua zake. Baba alisimama akampigia saluti yule binti. Sikumbuki kumwona akimpigia saluti mtu wa cheo cha chini.

Kuhusu stika hiyo, wengi tunafikiri bima ndiyo itakayolipa kila kitu. Sheria ya mwaka 1989 inayolazimisha bima ya mtu wa tatu iliweka kikomo cha shilingi 1,000,000 kwa mtu mmoja. Fedha hizo hazikutosha hata mguu wa bandia wa kaka. Kinachozidi hapo hudaiwa kwa mwenye gari mwenyewe, kwa sababu kosa la dereva aliye kazini ni mzigo wa aliyemtuma. Iwapo gari ni la nchi jirani, litakuwa na kadi ya manjano ya COMESA, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi mwaka 1986. Aliyeumizwa hudai katika nchi ilikotokea ajali, bila kulifuata gari kwao. Namba ya kadi hiyo nayo iandikwe kabla lori halijaondoka kituoni.

Madai yalifunguliwa Februari 2020. Mwezi uliofuata mahakama zikasimamisha kusikiliza kesi kwa ajili ya korona. Tungechelewa wiki chache tu, sijui ingekuwaje. Mwaka 2022 tuliitwa mbele ya msuluhishi, kama kanuni za mwaka 2013 zinavyoagiza. Wakili wa wenye lori alishikilia kwamba kaka naye alikosea, kwani hakuvaa kofia ya chuma. Bi Wakili wetu alimwuliza kwa upole ni kofia gani ile inayovaliwa mguuni. Tulipatana shilingi 38,000,000, zikiondolewa zile 1,500,000 za hospitalini, zilipwe kwa mafungu manne. Fungu la mwisho lilichelewa mwaka mzima, lakini lilikuja. Kaka alinunua mguu, akafungua duka la vipuri vya baiskeli karibu na kambi, na sasa ananikopesha mimi.

Lakini nimeruka jambo, nami sitaki kuliruka. Siku ile ya kwanza, wakili alipokwisha na kaka, alimgeukia mjane. Alimwuliza mumewe alifariki siku gani. Mjane akataja. Wakili alikaa tena, akaweka kalamu mezani. Alieleza taratibu, kwa Kiswahili chepesi, kwamba aliyeumizwa ana miaka mitatu, lakini familia ya aliyekufa ina miezi 12 tu kudai kwa kumpoteza aliyekuwa akiwalisha. Miezi hiyo ilikuwa imekwisha Machi 2018. Angeweza kuwaandikia watu wa bima, na aliwaandikia, wakalipa ile shilingi 1,000,000. Kuwashitaki wenye lori hakukuwezekana tena.

Mjane hakunitazama. Alisema tu, "Basi, mwalimu alituambia tusubiri," si kwa kunilaumu, bali kama mtu anayemweleza mgeni jinsi mambo yalivyokuwa. Wakili alinitazama. Nilitazama sakafu.

Njiani kurudi nilitaka kumwomba radhi, nikashindwa mbele ya shemeji. Nilimwomba baadaye, nyumbani kwake, mwezi mzima ulipokwisha pita. Alinipa kiti, akaniletea uji, akasema nisiwe na wasiwasi. Angalau angenikemea.

Anauza mihogo ya kuchemsha pale pale kwenye mteremko, kwa kuwa ndipo malori yanapopunguza mwendo na matingo wananunua. Mwanzoni mwa muhula huu alikuja ofisini kwangu kunitaka nimsaidie kujaza fomu ya shule ya sekondari ya mtoto wake mkubwa. Palipoulizwa kazi ya baba nilisita na kalamu mkononi. Aliniambia niandike dereva wa bodaboda, nikaandika.